Meza ya maonesho ya jamii za Kiyahudi zisizojulikana sana: mwongozo kwa klabu za historia Dodoma

Mwanafunzi wa sekondari Dodoma akisikia neno Wayahudi hukumbuka mambo mawili: Biblia na taarifa ya habari. Jamii nzima zilizoishi kati ya hayo mawili hazijui. Mojawapo iko Mbale, mashariki mwa Uganda, kilomita kama 820 kutoka hapa ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Hiyo ni mara mbili tu ya Dodoma hadi Dar es Salaam.

Hapa tunaeleza namna ya kuandaa meza moja ya maonesho ambayo klabu ya watu 8 hadi 12 inaweza kuikamilisha kwa wiki tatu, ikaiweka kwenye ukumbi wa shule, maktaba au chumba cha mikutano cha chuo. Kazi ya mikono ni nyepesi. Kilicho kigumu ni kuandika kadi zenye ukweli, kwa sababu somo hili limejaa hadithi tamu zisizo na ushahidi, na hadithi tamu ndizo zinazopatikana haraka zaidi mtandaoni.

Chagua jamii tano, usizidishe

Ukiweka kumi, kila moja itabaki na aya mbili na picha, na mgeni ataondoka akijua majina tu. Tano zinatosha, ila ziwe zimefika zilipo kwa njia tofauti. Tunapendekeza hizi:

Abayudaya wa Uganda, kwa sababu waliingia katika dini hiyo kwa uamuzi wao wenyewe, na mwaka unajulikana. Beta Israel wa Ethiopia, walioishika Torati kwa karne nyingi wakiwa mbali na Wayahudi wengine. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, ambao asili yao bado inabishaniwa. Bene Israel wa pwani ya Konkan, India, ambao wanasimulia kwamba mababu zao waliokoka kwenye chombo kilichovunjika baharini. Na Wayahudi wa kisiwa cha Djerba, Tunisia, ambao bado wanaishi walipoishi mababu zao, na sinagogi lao la El Ghriba huvuta mahujaji kila mwaka. Djerba iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Mtu atauliza, mbona hakuna Kaifeng ya China? Ni mfano mzuri. Sinagogi lilijengwa pale mwaka 1163, na mawe yenye maandishi ya mwaka 1489, 1512 na 1663 yanaieleza jamii hiyo kwa Kichina. Kama klabu yenu ina wanaopenda historia ya Asia, wekeni Kaifeng badala ya Djerba. Msiweke zote mbili.

Vifaa

Manila 12: mbili kwa kila jamii, na mbili za kuunganisha kwa ajili ya ramani. Karatasi nyeupe za A4 zipatazo 40. Marker pen nyeusi mbili zenye ncha nene. Gundi ya fimbo, mkasi, rula ya sentimita 30. Stika za duara za rangi tatu (kijani, njano na nyekundu), kama 30 kwa kila rangi. Zikikosekana steshenari, kata karatasi za rangi. Vibanio 48 vya nguo na kamba ya katani mita 6. Vibanio si mapambo. Dodoma ina upepo, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, na manila iliyobandikwa kwa selotepu kwenye ukuta wenye vumbi itaanguka kabla ya saa nne asubuhi. Funga kamba kati ya nguzo mbili au madirisha mawili, kisha ning'iniza manila kwa vibanio viwili juu na viwili chini vilivyofungwa jiwe dogo.

Herufi za kichwa ziwe na urefu wa sentimita 4. Maandishi ya kadi yachapwe kwa ukubwa wa pointi 24, maneno yasizidi 120 kwa kadi. Aliyesimama mita moja na nusu kutoka mezani asome bila kuinama. Kadi ikizidi maneno hayo punguza maneno, usipunguze herufi.

Rangi tatu: hapa ndipo kazi ilipo

Kila dai linaloandikwa kwenye kadi lipewe stika moja.

Kijani ni dai lenye waraka, jiwe, rekodi au tukio lenye tarehe. Njano ni masimulizi ya jamii yenyewe: wanavyosema wametoka wapi, nani alikuwa babu yao. Nyekundu ni jambo ambalo watafiti au mamlaka za dini wanalibishania.

Njano si tusi. Masimulizi ya Wagogo kuhusu walikotoka nayo ni njano, na hayapungukiwi thamani kwa hilo. Kinachoharibu maonesho ni njano kuandikwa kama kijani. Kadi inayosema "Walemba walitoka Yemen" imeshateleza. Kadi inayosema "Walemba husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Sena" iko salama, na inabandikwa njano bila wasiwasi.

Gawa kazi hivi: wawili waandike kadi, mmoja ambaye hakuandika abandike stika. Mwandishi akijibandikia mwenyewe, karibu kila kitu kitatoka kijani.

Mfano wa kadi ngumu: Walemba

Anzeni na Walemba, hata kama mtawaweka mwisho mezani. Mkiiweza kadi hii, nyingine zitakuwa rahisi.

Ya kijani ni haya. Walemba wanaishi Zimbabwe, Afrika Kusini (hasa Limpopo) na sehemu za Msumbiji na Malawi. Wanazungumza lugha za Kibantu kama majirani zao, Kishona na Kivenda. Hawali nguruwe, hutahiri, wana taratibu zao za kuchinja, na kwa desturi huoana wenyewe kwa wenyewe. Leo wengi wao ni Wakristo, na wapo Waislamu pia.

Ya njano: Sena, safari ya kuvuka bahari, na ngoma takatifu iitwayo ngoma lungundu ambayo mababu waliibeba.

Ya nyekundu ni vinasaba, na hapa kadi nyingi huharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba wanaume wengi wa ukoo wa Buba, mmoja wa koo za Walemba, wana alama ya kromosomu Y ambayo hupatikana kwa wingi miongoni mwa makuhani wa Kiyahudi. Magazeti yakaandika kwamba jambo limethibitika. Mwaka 2013 watafiti wa Afrika Kusini walirudia kazi hiyo kwa vipimo vya kina zaidi, wakaona kwamba baadhi ya koo za kiume zina asili ya Mashariki ya Kati, lakini hakuna kinachozitambulisha kuwa za Kiyahudi hasa. Zingeweza kuwa za Waarabu. Nayo ngoma, iliyopatikana mwaka 2007 kwenye stoo ya jumba la makumbusho Harare, ilipimwa umri wa mti wake ikaonekana ni ya karibu mwaka 1350. Hiyo ni ngoma kongwe sana kwa Afrika ya kusini. Haithibitishi wala haipingi habari ya Sena.

Andikeni mambo mawili ambayo wageni wengi hawayafikirii. Kwanza, kromosomu Y hufuata baba, baba wa baba, na kuendelea; haisemi lolote kuhusu mababu wengine wote. Sheria ya Kiyahudi ya marabi humhesabu mtu kwa mama au kwa kuongoka rasmi. Kwa hiyo hata kipimo kingekuwa wazi kabisa, kisingejibu swali la kidini. Pili, tohara, kutokula nguruwe na kuchinja kwa utaratibu ni mila ambazo wafanyabiashara Waislamu wa mwambao, kutoka Kilwa hadi Sofala, walikuwa nazo pia. Msomaji wa Kiswahili anaijua biashara hiyo tangu darasa la tano; ukimkumbusha Sofala ataelewa mara moja kwa nini wanahistoria wanasita.

Abayudaya: kadi yenye tarehe nyingi

Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, kisha akavunjika moyo walipombana madaraka. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, akapitia kundi la Wamalaki lililokataa dawa za hospitali. Alisoma Biblia ya Kiluganda, akashikilia kwamba amri za Agano la Kale zifuatwe kama zilivyo, tohara ikiwemo. Wamalaki walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwa vitendo: mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sheria na sala kwa Kiluganda. Alifariki mwaka 1928.

Chini ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ibada zao zilipigwa marufuku na jamii ikapungua hadi watu wapatao 300. Mwaka 2002 wengi wao waliongoka rasmi mbele ya baraza la marabi wa Conservative, mojawapo ya matawi ya dini ya Kiyahudi. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja hilo Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwaka huohuo wa 2016 walizindua sinagogi jipya kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale.

Kosa la kawaida kwenye kadi hii ni kuihusisha na ule unaoitwa Mpango wa Uganda. Yatenganisheni kwa kisanduku kidogo pembeni. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni (waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao) eneo la kuishi Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Eneo lenyewe lilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya, upande wa Eldoret. Mkutano wa Wazayuni wa Agosti 1903 huko Basel, Uswisi, ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma wachunguzi, na mkutano wa 1905 ukakataa pendekezo lote. Kakungulu hakuwa na uhusiano wowote na mpango huo. Jina Uganda ndilo linalowapotosha watu.

Beta Israel

Msitumie neno "Falasha" kwenye kichwa cha habari wala kwenye maelezo ya picha. Wenyewe hulichukulia kuwa dharau. Mkilitaja, litajeni mara moja tu, mkieleza kwamba ndilo litakaloonekana kwenye vitabu vya zamani.

Walikuwa wakiishi zaidi maeneo ya Gondar, milima ya Semien na Tigray. Maandiko yao, Orit, ni ya lugha ya Ge'ez. Hawakuwa na Talmud (mkusanyiko wa mafundisho ya marabi), wala Kiebrania hakikuwa lugha ya ibada yao, na viongozi wao wa dini huitwa kes. Mwaka 1973 Rabi Mkuu wa Wasefardi (Wayahudi wenye mapokeo ya Hispania), Ovadia Yosef, alitoa uamuzi kwamba ni Wayahudi, na mwaka 1975 serikali ya Israeli iliwakubali chini ya Sheria ya Kurejea, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia Israeli. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 maelfu walisafirishwa kwa siri kupitia Sudan. Kisha tarehe 24 na 25 Mei 1991, kwa muda wa saa kama 36, watu zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa.

Kwenye ramani chora mishale miwili ya rangi tofauti, mmoja kupitia Sudan na mwingine wa moja kwa moja kutoka Addis Ababa. Wengi huchora mmoja, na hapo safari ya Sudan hupotea, wakati watu wengi walikufa njiani na kambini kwenye safari hiyo.

Kuhesabu tarehe

Shughuli hii wanafunzi huipenda kuliko zote, na haihitaji chochote zaidi ya kalamu. Wekeni kipande cha meza kwa ajili yake.

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi, kila mwezi siku 29 au 30. Mpaka hapo ni kama ya Kiislamu. Tofauti ni kwamba mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Kalenda ya Kiyahudi huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, hivyo sikukuu hazihami majira.

Mwaka mpya huingia Septemba au Oktoba. Kubadili mwaka wa Kiyahudi kuwa wa kawaida, toa 3760 kama tukio ni la kuanzia Januari hadi mwisho wa mwaka wa Kiyahudi. Toa 3761 kama ni la miezi ya mwanzo, kabla ya Januari. Mwaka 5680 ulianza Septemba 1919 ukaisha Septemba 1920. Mwanafunzi akiandika "5680 = 1920" bila maelezo, mrudishe ataje mwezi.

Kwenye mawe ya makaburi na milango ya masinagogi mwaka huandikwa kwa herufi, na elfu huachwa. 5680 huandikwa תר״פ. Soma kutoka kulia: ת ni 400, ר ni 200, פ ni 80. Jumla 680, ongeza 5000. Alama mbili ndogo kabla ya herufi ya mwisho zinasema kwamba hii ni namba, si neno.

Tahadhari ya uchapaji: ukipeleka faili la Word steshenari, Kiebrania kinaweza kutoka visanduku vitupu, au herufi zikageuka na kuanza kushoto. Tengeneza PDF nyumbani au maabara ya kompyuta kwa fonti iliyo na Kiebrania, kwa mfano Noto Sans Hebrew, kisha chapisha nakala moja tu kwanza. Kagua: herufi ya kwanza kulia iwe ת. Ikiwa פ ndiyo iko kulia, mwaka umegeuka. Mgeni wa kawaida hataona kosa hilo, lakini anayejua ataliona kabla ya kitu kingine chochote.

Zoezi la pili ni kutafuta siku ya Sigd, sikukuu ya Beta Israel ambayo tangu 2008 ni sikukuu rasmi Israeli. Huangukia siku ya 50 tangu Yom Kippur (Siku ya Upatanisho), tarehe 29 ya mwezi Heshvan. Mwaka 2026 Yom Kippur ni Jumatatu 21 Septemba. Hesabu hiyo kuwa siku ya 1, na utafika Jumatatu 9 Novemba. Anayepata 10 Novemba ameanza kuhesabu tarehe 22. Kama mnapanga maonesho yaendane na Sigd, kumbukeni kwamba Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Tegemeeni kidato cha tatu na cha tano.

Cha kuonja

Chakula huleta watu mezani, na Bene Israel ndio wanaofaa zaidi kwa Dodoma. Majirani zao wa Konkan waliwaita wakamuaji mafuta wa Jumamosi, kwa kuwa walikamua mafuta na hawakufanya kazi siku hiyo. Mvinyo wa kosha, yaani unaokubalika kwa sheria za chakula za Kiyahudi, ulikuwa shida kuupata, kwa hiyo kwa baraka za Sabato walitengeneza sharubati ya zabibu kavu. Mji huu unajua zabibu.

Chukua gramu 250 za zabibu kavu zisizo na mbegu, zioshe mara mbili maana zina vumbi. Zimiminie lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa hadi uvuguvugu. Funika, acha saa sita. Ziponde kwa mkono safi au blenda kidogo, chuja kwa kitambaa cha pamba, si kwa chujio la chai, ambalo huacha makapi. Unapata vikombe vidogo kama 12. Usiongeze sukari. Tengeneza usiku wa kuamkia maonesho na iweke kwenye friji. Ikikaa nje kwenye joto la Oktoba huanza kuchacha, na sharubati iliyochacha kwenye maonesho ya shule itakuletea maswali ambayo hukuyapanga.

Chakula chao cha shukrani ni malida, kinachoandaliwa kwa heshima ya nabii Eliya. Kiini chake ni mchele uliopondwa bapa, ule ambao watu wa mwambao huuita pepeta. Kwa watu 15: pepeta gramu 500, nazi moja iliyokunwa, sukari gramu 150, iliki nusu kijiko cha chai iliyotwangwa, na matunda, kama ndizi, tende, papai na embe. Osha pepeta kwa maji baridi, chuja mara moja, acha dakika 10 zilainike kwa unyevu wake. Changanya na nazi, sukari na iliki kwa vidole, panga matunda juu. Kosa linalotokea karibu kila mara ni kuziloweka pepeta kama mchele wa kupika. Dakika 20 majini na unakuwa na uji. Ndizi zikatwe mwisho kabisa, la sivyo zinageuka nyeusi.

Andikeni kadi kwamba hiki ni kionjo cha kielimu, hakuna ibada iliyofanywa. Na msikiite kosha. Kosha inahusu pia vyombo na usimamizi, na jiko la shule halina sifa hizo. Mkipata mgeni Myahudi anayeshika sheria, mpeni matunda mazima yasiyomenywa na maji ya chupa iliyofungwa. Atashukuru zaidi kuliko kwa sahani ya malida.

Kuomba picha na kualika mgeni

Usinakili picha za sherehe kutoka mitandao ya kijamii. Iandikie jamii au taasisi yake, eleza shule, tarehe, na kwamba picha haitauzwa. Omba picha mbili tu na maelezo yake. Usitume ujumbe wala kupiga simu kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Kwa Dodoma jua huzama kati ya kama saa 12 na nusu jioni na saa 1, kutegemea majira. Arusha kuna jamii ndogo ambayo inasimulia asili ya Yemen na kwingineko. Ukitaka kumwalika mtu kutoka huko, maonesho yasiwe Jumamosi, na Ijumaa mchana haifai pia kwa sababu atahitaji kusafiri kabla ya jua kuzama. Jumapili mchana au Jumatano ni nzuri.

Maswali yatakayokuja

"Wairaqw wa Mbulu si Wayahudi au watu wa Iraq?" Swali hili litaulizwa, na litaulizwa kwa kujiamini. Jibu fupi: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ya tawi moja na Kialagwa na Kiburunge zinazozungumzwa huku kwetu upande wa Kondoa. Kiebrania ni cha tawi la Kisemiti. Matawi yote mawili yamo kwenye familia kubwa ya lugha za Kiafroasia, kwa hiyo neno moja moja likifanana si ajabu. Kufanana kwa jina na nchi ya Iraq hakuthibitishi kitu. Muulizaji akileta tohara, mkumbushe kwamba Wagogo wanatahiri, na hakuna anayewatafutia asili Yerusalemu.

"Wasabato ni Wayahudi?" Hapana, ni Wakristo wanaoabudu Jumamosi. Jibu hilo linatosha.

"Kambi ya Wapoland ya Kondoa ilikuwa ya Wayahudi?" Kondoa ilikuwa moja ya kambi za Tanganyika zilizowapokea wakimbizi kutoka Poland tangu 1942, pamoja na Tengeru, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Walikuwa raia waliopelekwa kwa nguvu Urusi na kutolewa kupitia Uajemi, walio wengi Wakatoliki. Ni mada nzuri ya maonesho mengine. Msiichomeke hapa ili tu Dodoma nayo ionekane kwenye ramani.

Na swali la vita. Litakuja pia, mara nyingi kwa sauti ya juu. Mteue mtu mmoja wa kulijibu, wengine wamwelekeze muulizaji kwake. Jibu lake: meza hii inahusu jamii tano na historia zake, zipo zilizohamia Israeli, zipo zilizobaki, na serikali ya nchi yoyote ina meza yake nyingine. Asibishane. Akiona sauti zinapanda, amwoneshe mgeni zoezi la tarehe. Mtu anayehesabu siku hamsini kwa vidole hupunguza ukali.

Wekeni daftari mezani kwa wageni kuandika makosa waliyoyaona, pamoja na walikosoma habari tofauti. Baada ya maonesho pitieni kila pingamizi. Lenye waraka, badilisheni kadi na tarehe ya marekebisho iandikwe nyuma kwa penseli. Lisilo na waraka, libaki kwenye daftari. Manila zikunjwe kwa kuviringishwa, maandishi yakiwa ndani, na ziwekwe kwenye bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili, kwa sababu stoo nyingi za shule zina mchwa.